Ilani kwa Mkurugenzi

Kazi ya uratibu wa maafa nilipewa nikiwa sipo. Mimi nilikuwa machinjioni nakagua nyama, wakuu wa idara walikuwa kikaoni, na mtu aliyekuwa na jukumu hilo kabla yangu alikuwa ameshahamishiwa Rukwa. Wakatazamana, wakaona nani hayupo, wakaniandika. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi sasa, hasa mtakaobebeshwa jukumu hili juu ya kazi mliyosomea, ili mtu asije akawaambia kwamba enzi zetu mambo ya maafa yalikwenda kwa ushirikiano wa idara. Mengine yalikwenda kwa ugomvi. Ugomvi mmoja niliuanzisha mimi, na leo nimestaafu bado siujutii.

Nilifika Kasulu mwaka 2012 nikitokea Singida, afisa afya wa siku nyingi, mwanamke wa Kinyaturu mwenye kilemba na pikipiki. Watu wa huku humwita afisa afya "bwana afya", na hawakuona sababu ya kubadili kwa ajili yangu. Asubuhi nikitokea sokoni wauza nyama waliinama kidogo wakapiga makofi taratibu, kama Waha wanavyosalimia mtu wa heshima, "Mwakeye, bwana afya," na huku nyuma yao mtu anafunika ndoo upesi. Jina nililizoea. Ndoo nilizifunua.

Aliyenifundisha kazi ya pale ni Mzee Ntiboneka, mwenyeji, aliyekuwa anamalizia miezi yake ya mwisho ofisini. Nilidhani sina cha kufundishwa. Yeye akanipa kitabu cha ilani na karatasi ya kaboni, akanitazama nikimwandikia mwenye bucha moja, halafu akachana nilichoandika. "Umeandika kama unamwomba," akasema. "Ilani haiombi. Sema kero ni ipi, iondolewe kwa muda gani, na asipoiondoa mtaonana wapi. Na usimwandikie mpangaji ukamwacha mwenye jengo." Kisha akanilazimisha kumsomea mwenye bucha kifungu cha sheria kwa sauti, mbele ya wateja. Niliona aibu. Lakini nilikuja kugundua kwamba mtu akisikia ni sheria inayosema, hagombani na wewe sana, na kazi inakwenda.

Upande wa maafa nilirithi jalada jembamba, buti za mpira za mwanamume mwenye miguu mikubwa, na mwongozo uliodurufiwa mpaka herufi zimefifia. Niliusoma wote. Kulikuwa na kamati ya maafa ya wilaya, ndiyo, lakini iliundwa na mwongozo. Sheria iliyokuwepo wakati huo ilizungumzia zaidi misaada, tena ngazi ya juu kabisa, makao makuu. Huku chini mratibu aliweza kuitisha kikao, kuandika taarifa na kuipeleka mkoani. Kumwamuru mkuu wa idara atoe hata toroli la mchanga, hapana. Nilimuuliza Mzee Ntiboneka kama nimesoma vibaya, akasema nimesoma vizuri, ndiyo maana yule bwana alifurahi kuhamishiwa Rukwa.

Mvua za kwanza za mwaka 2013 zilikuja na upepo upande wa Makere. Ulipita kwanza kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ukaingia kijiji kinachopakana nayo. Sitakitaja kijiji wala mtu kwa jina lake la kweli, maana wengine bado wako kazini. Nilikwenda asubuhi yake kwa pikipiki, nikateleza na kuanguka njiani, nikafika nimetapakaa udongo mwekundu mpaka kwenye kilemba. Paa la zahanati lilikuwa limeng'oka lote, bati na kenchi pamoja, likalala shambani kwenye mihogo limekunjamana. Ndani kulikuwa na maji, kitanda cha chuma, na bango la chanjo linalodondosha rangi.

Nesi hakuwepo. Mtendaji wa kijiji akaninyooshea kidole nyumba ya mtumishi. Huyo nesi ni Dafroza, mwenyeji wa Bukoba, mama wa watoto wawili. Nilipobisha hodi alijibu kwa ndani, "Kama ni mwanamke ingia, kama ni mwanamume subiri huko." Nikaingia. Alikuwa chumbani kwake anamzalisha mwanamke juu ya kitanda chake mwenyewe. Mama mkwe wa yule mzazi amekaa sakafuni ameshika taa ya tochi, anamwita Mungu kwa kunong'ona, "Imana, Imana." Mtoto alitoka salama. Dafroza akanawa mikono kwenye beseni lililokuwa la kuoshea vyombo.

"Huyu ni wa ngapi humu ndani?" nikamuuliza.

"Tangu jana? Wa pili. Chumba changu ndiyo leba sasa. Wanangu wanalala jikoni." Akanionyesha kona ya dari iliyokuwa inavuja. "Bwana afya, nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia. Mvua zikikolea, hapa nafunga. Mimi siwezi kumzalishia mtu kwenye maji."

"Ukifunga watakwenda wapi?"

"Si wanajua. Ng'ambo, kituo cha afya."

Ng'ambo maana yake ni kuvuka mto kwa magogo mawili yaliyolazwa, na mvua zikikolea hayo magogo huwa chini ya maji. Mimi na yeye wote tulilijua hilo, hatukulisema. Akanipeleka nyuma kunionyesha shimo la kondo la nyuma, lile tunalozikia uchafu wa uzazi. Ukuta wake ulikuwa umebomoka upande mmoja na mbwa wameshafika. Niliwafukuza kwa mawe, kwa hasira ambayo miaka yangu yote ya machinjioni haikuwahi kunipa.

Niliandika taarifa, nikaipeleka, nikaambiwa imepokelewa. Wiki zikapita. Siku moja nilikuwa soko la pale kambini, nakagua dagaa, nikaona nyumba za wakimbizi zimeshafunikwa upya. Papa Elise, Mkongo aliyekuwa akifanya kazi na shirika moja la misaada na jioni akiuza vitenge, akanieleza bila kuficha fahari yake.

"Siye hapa kambini tuko na shefu moja tu, mama. Akisema bashi zigawiwe, zinagawiwa. Muko na shida gani kule kwenu, hata leo zahanati haina kichwa?"

Bashi ni turubai. Nikamwambia hatuna uhaba wa wakubwa.

"Ndiyo ile shida," akasema. "Muko na bashefu mingi."

Nilirudi ofisini nikalazimisha kikao cha kamati. Mwenyekiti, ambaye ni mkuu wa wilaya, alikuwa safarini, tukawa na kaimu. Nikaeleza hali: paa, kitanda cha nesi, shimo, mto. Mkuu wa elimu akasema mabati anayo bohari, ila yalinunuliwa kwa ajili ya madarasa, na bati la darasa haliendi zahanati. Wa ujenzi akasema lori lipo na dereva yupo, ila mafuta ni ya fungu la barabara. Wa maliasili akasema mbao zipo, zilinyang'anywa wavunaji haramu, zimerundikwa uani kwake zinaota uyoga, lakini hatoi hata ubao mmoja bila maelekezo.

"Maelekezo ya nani?" nikauliza.

"Ya mamlaka husika, mama."

"Humu ndani mamlaka husika ni nani?"

Kaimu mwenyekiti akasema tathmini iende mkoani, mkoa uipeleke juu, msaada ukishuka tutaugawa. Yule wa maliasili, ambaye kwa kweli alikuwa mcheshi na nilimpenda, akanigeukia: "Wewe si mratibu? Ratibu." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Mbao, mabati na lori vyote vilikuwa mali ya halmashauri moja, wenye kuvitunza tumezunguka meza moja tunakunywa soda, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia mwenzake lete. Nilitoka pale nimekasirika kiasi kwamba nilisahau kofia ya pikipiki.

Kesho yake nilikuwa kwenye gesti moja mjini Kasulu. Choo kimejaa, na mimi namwandikia mwenye gesti ilani. Akapokea, akaisoma, akanisonya. "Hivi bwana afya, na vyoo vya serikali huwa mnaviandikia? Au ni sisi tu?" Swali hilo nimeulizwa katika kila mji niliofanya kazi, na huwa nalijibu kwa ukali. Siku ile nilifunga tu kitabu changu. Nikapanda pikipiki mpaka ofisini, nikafungua sheria ya afya ya jamii, nikasoma kuhusu kero na mwenye jengo. Haikusema mwenye jengo asipokuwa serikali. Ilisema mwenye jengo.

Sasa, mwenye zahanati ni nani? Ni halmashauri. Na halmashauri inaongozwa na mkurugenzi. Mkurugenzi ndiye bosi wangu.

Nikaandika. Kero: wazazi wanazalishiwa katika nyumba ya kuishi yenye watoto, kwa kuwa jengo la tiba halina paa, na shimo la kondo la nyuma limebomoka, linahatarisha afya ya kijiji. Ondoa kero hizi ndani ya wiki mbili. Usipofanya hivyo, nitakupeleka mahakamani. Nikaisoma tena kuona kama nimeomba mahali popote. Sikuwa nimeomba.

Nikaenda nayo kwa miguu yangu. Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya, niseme hilo. Alikuwa mtu mwenye adabu, aliyewahi kukaangwa na wakaguzi huko alikotoka, na tangu hapo alikuwa haondoi hata kiti fungu moja kwenda jingine. Nikamsomea kwa sauti, kama nilivyofundishwa, nikamwekea kitabu asaini kupokea.

"Mama," akasema, "unajua unamwandikia nani?"

"Namwandikia mwenye jengo, mheshimiwa."

"Na likizo yako anasaini nani?"

"Wewe."

"Na barua ya onyo?"

"Hiyo pia ni wewe. Lakini saini kwanza hapa."

Akamwita mwanasheria wa halmashauri, mwanamke mtulivu mwenye miwani, akamkabidhi ilani. Yule dada akaisoma mara mbili, akaenda kuchukua sheria, akarudi, akasoma tena. Mimi nimesimama. Nilikuwa na mtoto chuoni na mwingine sekondari, na kazi nyingine sikuwa nayo.

"Anayo mamlaka haya?" mkurugenzi akauliza.

"Anayo."

"Dhidi yangu?"

"Dhidi ya mwenye jengo. Ni sisi."

Mkurugenzi akavua miwani akaifuta. Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu anayepiga hesabu. "Mkaguzi akija akakuta mabati ya madarasa yako juu ya zahanati, nikamwonyesha hii, atasema nini?"

"Atasema ulitakiwa na sheria kuondoa kero ndani ya muda," mwanasheria akajibu. "Atataka kuona imeondolewa kweli."

Akasaini. Akaniambia nitoke na nifunge mlango. Mchana huo huo barua zilikwenda kwa wakuu watatu, kila moja imeambatishwa nakala ya ilani yangu. Mabati ya madarasa yakaenda zahanati, na makubaliano ya kuyarudisha yakaandikwa. Mafuta ya barabara yakapatikana. Yule wa maliasili alinipita kwenye korido akiwa ameshika nakala yake, akasema tu, "Kumbe unaratibu kwa kalamu," akaenda kufungua ua.

Naomba mlielewe hili vizuri, maana ndilo lililonifanya niandike. Nikiwa mratibu wa maafa wa wilaya nzima, sikuweza kupata ubao. Nikiwa bibi afya na kitabu changu cha kaboni, nilipata lori. Wajumbe walikuwa wale wale na shida ilikuwa ile ile. Kama ile siku ya kikao asiyekuwepo angekuwa afisa ushirika au afisa michezo, kazi ingekuwa yake, na yeye asingekuwa na ilani ya kumwandikia mtu. Dafroza angefunga. Wanawake wa kile kijiji walipata paa kwa sababu mtu fulani alikuwa machinjioni siku fulani, na hilo bado linanitia hasira kuliko yale mabati.

Mafundi wa kijiji waliezeka, wanaume wakipandisha kenchi na wanawake wakileta maji na uji wa muhogo. Nilikuwepo siku ya mwisho. Dafroza hakunishukuru. Alizunguka jengo, akatazama juu, akatazama pembe, akauliza, "Na shimo?" Nikamwambia limo kwenye ilani. Tukaenda kulikagua, lilikuwa limejengwa upya kwa tofali za kuchoma, lina mfuniko. Halafu tukabeba godoro lake tukalichoma moto nyuma ya nyumba. Godoro halikuwa na fungu, akalala kwenye mkeka mpaka mwisho wa mwezi. Wiki ile ile mto ulifunika magogo.

Uhamisho wangu ulikuja mwaka uliofuata, kwenda Kibondo. Mkurugenzi aliniita akanipa barua mkononi, akanikaribisha chai. "Mama, ile ilani yako ilinisaidia," akasema. "Mkaguzi alikuja na hakuwa na hoja. Lakini siwezi kulala vizuri nikiwa na mtumishi anayejua kuniandikia ilani." Nikamwambia namwelewa, na kwamba hata Kibondo kuna mkurugenzi. Akacheka mpaka akamwaga chai. Tuliagana vizuri.

Kibondo habari zangu zilitangulia. Nilipewa uratibu wa maafa nikiwepo kikaoni safari hii, huku watu wanatabasamu. Mwaka 2015 Warundi walianza kuvuka kwa wingi, wanawake na mizigo kichwani, na kwa miezi kadhaa sikukumbuka kula mchana. Nilichimbisha vyoo, nilitia dawa visima, niligombana na madereva wa maboza ya maji. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya ya maafa. Nakala ilichelewa kutufikia, nikaitafuta mwenyewe, nikaichapisha duka la steshenari karibu na stendi, nikaisoma kitandani. Kamati ya wilaya sasa ilikuwa imetajwa ndani ya sheria yenyewe. Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha. Halafu nikasoma tena nikaona kwamba sheria inaweza kukupa kamati, lakini haiwezi kuja kukaa kikaoni ikakusemea.

Siku yangu ya mwisho kazini waliniandalia sherehe. Mbuzi wawili na pilau, sufuria nje chini ya turubai, na ndani ukumbini kamati imekaa kwa ajili ya makabidhiano. Aliyekuwa anarithi uratibu ni Gervas, afisa utamaduni, mtu makini anayefundisha kwaya ya kanisani kwake. Upepo wa wiki iliyopita ulikuwa umeezua madarasa ya shule moja huko Kumsenga, na watoto walikuwa wanasomea nje, wakirudi nyumbani kila wingu likitanda. Tulikuwa tumelizungumza hilo kwenye vikao viwili, na majibu mnayajua. Gervas alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nitamwandikia nani ilani? Ya ngoma?"

Katibu tawala, aliyekuwa mwenyekiti siku hiyo, akanisogezea hati ya makabidhiano na kalamu. "Saini hapa mama, tukale."

"Nina jambo moja kabla sijasaini," nikasema. Nikatoa zile kurasa zangu nikasoma kwa sauti kifungu kinachoitaja kamati. Nikasema: hapo nyuma tulikuwa tunatoa maoni, sasa tupo kwa sheria. Basi naomba azimio. Mratibu yeyote, awe wa afya, awe wa utamaduni, akileta ombi la maafa mezani, kila mkuu wa idara ajibu hapo hapo, ndiyo au hapana. Akisema hapana aseme sababu, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari pamoja na sababu hiyo.

Minong'ono ikaanza. Mkuu wa ujenzi akasema jambo hilo ni zito, lijadiliwe kikao kijacho. Mwingine akasema mama anaaga, asituachie vita. Nikafunga kalamu.

"Basi sikabidhi," nikasema. "Kumsenga ni yangu mpaka nikabidhi. Nitakuja tena kesho, na keshokutwa, bila mshahara, niulize hilo hilo."

Katibu tawala akatazama mlangoni, ambako harufu ya nyama ilikuwa inaingia. "Mama, chakula kinapoa."

"Kipoe."

Hakuna aliyeinuka. Nje mtu alikuja kuchungulia, akaona nyuso zetu, akarudi. Katibu tawala akaomba zile kurasa, akasoma mwenyewe polepole, akamwambia mwandishi wa muhtasari aandike azimio. Halafu, kwa hiari yake, akasema tuanze kulitumia na Kumsenga. Gervas akasimama, akasoma ombi lake la kwanza: mbao, mabati, lori. Akamgeukia wa kwanza, akamtaja kwa jina lake kamili, akamuuliza. Yule bwana akamtazama mwandishi aliyekuwa ameshika kalamu tayari.

"Ndiyo," akasema.

Akamuuliza wa pili, na wa tatu. Nikasubiri mpaka majina yote yakaandikwa, ndipo nikasaini. Pilau ilikuwa ya baridi na mafuta ya mbuzi yameganda kwenye sahani, tukala hivyo hivyo.